Kutafuta Kanga Walionyamaza: Shauri kwa Wakulima na Wawindaji wa Kilosa na Mikumi



Wako watu wengi katika wilaya ya Kilosa wasemao kwamba kanga wamekwisha. Husema hivyo kwa sababu zamani za wazee wao makelele ya kanga yalisikika kila alfajiri kando ya mashamba, na sasa hupita siku nyingi pasisikike hata mlio mmoja. Ukiambiwa neno hili, usilipokee upesi. Katika nchi iliyowindwa sana, ndege aliyetoweka na ndege aliyenyamaza hufanana kabisa kwa masikio. Lakini kwa mkulima na kwa mwindaji tofauti yake ni kubwa. Adhaniaye kwamba kanga wametoweka huacha kuwatunza, tena huweza kushawishika kuvuka mpaka wa hifadhi ili awatafute huko. Ajuaye kwamba wamenyamaza tu huwatafuta kwa utulivu, huwahesabu, kisha ndipo aamuapo kama yafaa kupiga hata mmoja.

Mimi niandikaye nilikosa katika jambo hili, na kosa langu liliwagharimu watu wengine. Niliitwa katika kijiji kimoja chini ya milima ya Usagara kwa kuwa mbegu za mahindi zilikuwa zikifukuliwa. Nikakaa shambani alfajiri tatu, nisisikie mlio wowote wa kanga. Basi nikawaambia watu kwamba waharibifu ni panya, nikawafundisha namna ya kuwatega. Wakatega, wala haikufaa kitu. Ikawapasa kupanda mara ya pili kwa mbegu za kukopa. Ndipo mzee mmoja aliponishika mkono, akanipeleka mpaka chini ya mgunga mkubwa nyuma ya shamba, akaokota unyoya mweusi wenye madoa meupe ya mviringo, akaniwekea kiganjani. Akasema, "Mwanangu, wewe umewangoja waseme. Hawa wamefundishwa na bunduki wasiseme." Nikaona haya, nikamwomba radhi yeye na wenziwe. Haya yafuatayo ni mambo niliyojifunza tangu siku ile.

1. KANGA NI NDEGE GANI

Kanga tunayemsema hapa ni yule wa mbugani, mwenye pembe ndogo ya mfupa utosini, shingo tupu ya rangi ya samawi, na manyoya ya kijivu yenye madoa meupe. Uzito wake wapata kilo moja na nusu, pengine hupungua kidogo. Usimchanganye na kororo, mwenye kishungi cha manyoya meusi kichwani, akaaye katika misitu minene.

Kanga ni ndege wa ardhini. Mchana kutwa hutembea, na akitishwa hupenda kukimbia kabla ya kuruka. Usiku hulala juu ya miti. Wakati wa kiangazi hukaa pamoja kwa makundi. Mvua zinyeshapo makundi huvunjika, dume na jike hujitenga wawili wawili, na jike hutaga chini katika nyasi, mara nyingi mayai sita hata kumi na mawili. Huyaatamia kwa siku 26 hadi 28. Ukikuta mayai mengi kupita hayo katika kiota kimoja, yaelekea majike zaidi ya mmoja wametaga humo.

2. KWA NINI HUNYAMAZA

Kwa asili kanga ni ndege wa makelele. Hulia wapandapo mtini jioni, hulia washukapo alfajiri, na jike ana mlio wake wa sauti mbili ambao kwa huo huwaita wenziwe waliopotea. Lakini mlio ni kama moshi wa jiko: huonyesha nyumba ilipo. Mahali ambapo kila aliaye hufuatwa na bunduki, manati au mbwa, kundi hujifunza. Hushuka mtini kimya, huingia kichakani kabla ya jua kupanda, na husikilizana kwa sauti ndogo isiyofika mbali.

Wala jambo hili si la kwetu tu. Huko Marekani yuko bata mzinga wa porini, na wawindaji wa huko, katika nchi za umma zinazowindwa na kila mtu, hulalamika vivyo hivyo kwamba ndege wamenyamaza. Tena majina ya ndege hawa wawili yamefungamana: wataalamu wa Ulaya katika karne ya 18 walimpa bata mzinga jina la Meleagris, ambalo kwa Wayunani wa kale lilikuwa jina la kanga. Mwanzoni mwa karne ya 20 bata mzinga wa porini walikuwa wametoweka katika sehemu nyingi za nchi ile kwa kuwindwa kupita kiasi na kwa kukatwa misitu. Walirudishwa kwa sheria, kwa kuhamisha ndege hai kutoka mahali walipobaki, na kwa fedha: tangu mwaka 1937 sheria ya huko iliagiza kodi ya bunduki na risasi itumike katika kazi ya kuwarudisha wanyama na ndege. Kwa hiyo wako watu waliokwisha kuona mwisho wa njia hii, ikawagharimu miaka mingi kuirudia. Heri sisi tusifike huko.

3. MAHALI PA KUTAFUTA

Usizunguke ovyo. Kanga huhitaji vitu vinne vilivyo karibukaribu: maji, chakula, kichaka cha kujificha, na mti wa kulala. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni hata Oktoba, anza na maji, maana hapo ndipo maji yapunguapo, na kanga hupenda kunywa kila siku. Fuata kingo za mto Mkondoa na vijito viuingiavyo, na makorongo yenye vidimbwi vilivyobakia. Kisha tazama mashamba yaliyovunwa, ambako punje zimeanguka, na majaruba yaliyoachwa yakaota ndago. Kanga hupenda sana kufukua vijiazi vya ndago, na kwa hiyo mkulima ana deni kwake, kwa kuwa ndago ni gugu gumu kulishinda kwa jembe.

Wakati wa mvua maji yapo kila mahali, nao hutawanyika. Huu si wakati wa kuwatafuta kwa kupiga. Ni wakati wa kuwaacha.

4. ALAMA TANO ZA KANGA ASIYELIA

Alama ya kwanza ni nyayo. Tazama mchanga wa korongo na tope la ukingoni asubuhi na mapema, kabla ya ng'ombe kupita. Unyayo wa kanga una vidole vitatu mbele na kidole kidogo nyuma, nao ni mkubwa kuliko wa kwale. Mara nyingi kundi huenda majini kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, hivyo utaona njia nyembamba iliyokanyagwa mara nyingi.

Alama ya pili ni mifukuo. Kanga huchimba kwa mdomo na kwa kucha, akaacha vishimo vidogo vingi na takataka zilizotupwa huku na huku. Udongo wa chini ukiwa ungali na unyevu, ujue wamepita leo. Ukiwa umekauka na kuwa wa rangi moja na ule wa juu, wamepita zamani.

Alama ya tatu ni mahali pa kuoga vumbi. Utakuta viduara vya vumbi laini kando ya njia au chini ya kichuguu, na ndani yake manyoya madogo. Mahali hapo hurudiwa mara kwa mara, kwa hiyo pakumbuke.

Alama ya nne ni unyoya. Unyoya wenye madoa meupe ya mviringo hauna mwenziwe katika mbuga zetu. Unyoya mmoja peke yake waweza kuletwa na upepo, lakini manyoya mengi yaliyotapanyika pamoja na damu ni kazi ya mbweha, paka mwitu au mtu.

Alama ya tano, nayo ni kubwa kuliko zote, ni mti wa kulala. Tafuta mgunga, mkwaju au mti mwingine mrefu wenye matawi ya kutandaa. Ukiona kinyesi kingi chini yake, kipya juu ya cha zamani, umepata nyumba yao. Hapo kazi ya kutafuta imekwisha, na kazi ya kujizuia imeanza.

Zaidi ya hayo, uliza watu. Wachungaji, wanawake waendao kuni, na watoto wapelekao mbuzi malishoni huona mengi kuliko mwindaji aliyebeba bunduki. Wasalimie vizuri, keti nao, wala usiwakatize maneno.

5. NAMNA YA KUNGOJA

Ukishapata alama, usiingie kichakani kuwafukuza. Kaa mbali na mti wa kulala, mgongo wako ukiegemea shina, upepo na jua vikikufaa, nawe usisogeesogee, maana kanga ana macho makali na masikio mepesi. Fika kabla ya mapambazuko, au saa kumi na moja jioni. Sikiliza vishindo vya mabawa wapandapo, na sauti ndogo za kuitana. Kelele kali za ghafula mchana ni onyo: wameona mnyama au mtu. Nawe usikimbilie upande ule. Karibu na Mikumi tembo na nyati huvuka mpaka bila kuuliza, na chui hupenda vichaka vile vile apendavyo kanga. Usiende peke yako.

6. HESABU KABLA YA KUPIGA

Hili ndilo shauri kuu la karatasi hii. Usipige ndege wa kundi usilolihesabu. Ngoja waendapo majini kwa mstari, uwahesabu siku tatu mbalimbali, uandike. Mimi nimejiwekea kanuni, na kila niipendekezapo huwaambia watu kwamba ni yangu, wala si ya sheria: kundi lisilofika ndege kumi na watano liachwe mwaka mzima, na lililozidi hapo lisitolewe zaidi ya mmoja katika kila kumi. Yafikiri haya: vifaranga wengi hufa kwa baridi ya mvua, nyoka na vicheche hula mayai, na mwewe huwaokota wadogo. Kundi dogo lililopunguzwa kidogo tu laweza lisiinuke tena.

Usipige kamwe penye mti wa kulala. Kundi zima lipo pale gizani, na mtu mmoja mwenye taa aweza kulimaliza usiku mmoja. Usipige jozi wakati wa mvua, maana umepiga na kiota. Wala usitie sumu majini au katika punje. Sumu haimchagui kanga, bali huua ndege wote, mbwa, mbuzi, na mtoto alaye nyama ile.

7. SHERIA NA MPAKA

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilometa za mraba 3,230. Sehemu ya mbuga ya Mkata imo ndani yake. Humo hapawindwi, hata kanga mmoja. Nje ya hifadhi, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 yataka mwindaji awe na leseni, nayo yakataza sumu, mitego ya kamba, mashimo, na kuwinda kwa taa usiku. Usitegemee habari za barazani. Nenda kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, umwulize juu ya leseni, idadi, miezi iliyofunguliwa, na mahali mpaka upitapo. Kanga mmoja ni kitoweo cha siku moja. Kifungo ni cha miaka, na nyumbani shamba hulala bila kulimwa.

8. NENO KWA MKULIMA ASIYEWINDA

Kama shida yako ni mbegu tu, huhitaji bunduki. Kanga hufukua mbegu katika siku za kwanza, kabla mche haujashika mizizi. Fukia mbegu vizuri, usiache punje juu ya udongo, kisha weka walinzi alfajiri na jioni kwa muda wa wiki mbili. Fyeka nyasi ndefu zilizo ukingoni mwa shamba ili wasiwe na maficho. Miche ikishasimama, waache waingie. Watakula panzi, mchwa, viwavi na vijiazi vya ndago, wala hawatakudai ujira.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kimya si dalili ya kutoweka. Tafuta alama kabla ya kusema, "Wamekwisha."
2. Kiangazi anza na maji. Kisha chakula, kichaka na mti.
3. Mti wa kulala ni nyumba. Utazame, usiupige.
4. Hesabu siku tatu. Kundi dogo liache.
5. Wakati wa mvua waache watage.
6. Uliza sheria na mpaka kabla ya kutoka nyumbani.

Mzee yule aliyeniwekea unyoya kiganjani hakuwa na bunduki. Alilijua kundi la kijiji chake kama ajuavyo mbuzi wake: wangapi, walala wapi, na mwaka gani walipungua. Laiti ningalimwuliza yeye kwanza, watu wasingalikopa mbegu. Basi nawe, msomaji, kesho alfajiri toka ukatazame mchanga wa korongo lililo karibu nawe.