ASIYEKULA NYAMA AMEPUNGUZA DINI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Kijana mmoja wa msikiti wetu alinifuata baada ya swala ya Alasiri. Mwaka mzima sasa hali nyama. Sombe, maharagi, lengalenga na wali vinamtosha, anasema moyo wake umeikataa tu. Lakini mama mkwe wake anasema mtu wa namna hiyo si Mwislamu kamili, na kwenye karamu ya ndoa wakamwekea sahani ya nyama mbele ya watu wote ili waone atafanya nini. Akaniuliza: Shehe, nina dhambi?

Ewe ndugu, fahamu kwamba kuacha ni jambo moja na kuharamisha ni jambo lingine. Mtume (s.a.w.) aliletewa mjusi wa jangwani aliyechomwa, akazuia mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Mtume akasema sivyo, ila mnyama huyo hakuwepo katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Basi Khalid akamvuta kwake akamla, na Mtume anatazama. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Sahani ni moja, huyu anakula na yule anaacha, na hakuna aliyemgombeza mwenzake.

Lakini kuna watu watatu waliotaka kuzidisha ibada, na katika mapokezi ya Muslim mmoja wao alisema hatakula nyama tena. Mtume aliwakemea. Na katika Suratul Maida aya ya 87 Mwenyezi Mungu anatukataza kujiharamishia vizuri alivyotuhalalishia. Kwa hiyo wewe kijana, kula sombe yako kwa raha, ila usimtazame anayekula mbuzi kama mtu mchafu.

Wako pia wanaoiacha nyama kwa hadhari, na hao nawasifu. Nyama ya pori iliyokaushwa tunayoiona sokoni, nani aliichinja? Soma aya ya 3 ya sura hiyo hiyo. Mnyama aliyenyongwa na kamba ya mtego akafa kabla ya kisu kumfikia ni mfu, hata ukimweka juu ya moshi wiki nzima. Nyani na kima, katika madhehebu yetu ya Shafi, hawaliwi hata wakichinjwa. Samaki hana shida hiyo, na ndakala ni samaki.

(Kwa afya neno moja: asiyekula nyama, samaki, yai wala maziwa hukosa vitamini B12, ambayo majani hayana. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo waangaliwe zaidi. Maharagi na karanga visikose nyumbani.)

Sasa niseme lililo zito kwangu. Miaka iliyopita tulialikwa hitma kwa mjane mmoja. Akatuwekea wali, sombe na maharagi, vimepikwa vizuri sana. Mwalimu mmoja akacheka akasema, dua gani hii haina nyama? Watu wakacheka. Mimi nilikuwa mkubwa wa kikao, nikanyamaza. Hitma iliyofuata yule mama alichinja mbuzi. Tulikula, tukamwombea, tukaenda. Nilijua baadaye kwamba mbuzi yule alikuwa wa deni, na kwa sababu ya deni lile mtoto wake wa pili alifukuzwa shuleni kwa kukosa malipo. Mfupa niliounyonya mimi ulikuwa masomo ya yatima.

Nani alituambia dini inataka hivyo? Bibi Aisha (r.a.) alieleza kwamba miezi ilipita bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume, chakula kikiwa tende na maji, na maziwa waliyoletewa na majirani. Sayyidna Umar, katika Muwatta ya Imam Malik, aliwaonya watu kwamba nyama humzoesha mtu kama pombe inavyomzoesha mlevi. Hata udhiya ya Idi, kwa Shafi, ni sunna iliyotiliwa nguvu kwa mwenye uwezo, si faradhi. Imepokewa kwamba Abubakar na Umar waliiacha wakati mwingine, wakiogopa watu wasije wakadhani ni wajibu. Wao waliogopa hivyo, na sisi tunamsukuma mjane akope!

Yule mama nilikwenda kumwomba msamaha. Alinisamehe, akaniletea chai. Mtoto amerudi shuleni, ila yuko darasa moja na wadogo zake.

Alhamisi ijayo, inshallah, baada ya Isha, kuna hitma nyumbani kwangu. Mama wa nyumba amekwisha kusema: wali na maharagi. Yule kijana atakaa karibu nami, na mama mkwe wake nimemwalika.

Wallahu aalam.