Epafrodito Alipohangaika

Somo la juma hili. Soma Wafilipi 2:19–30, kisha 4:6–7.

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome aya hizo mwenyewe, maana somo hili linanihukumu mimi kwanza na sitaki ulipokee kwa maneno yangu tu.

Mnakumbuka Julai 2020, serikali iliporuhusu makanisa yafunguliwe tena. Watu wasizidi 100, ibada iwe ya saa moja, walio chini ya miaka 13 na waliopita 58 wabaki nyumbani. Tangu Machi tulikuwa hatujaonana uso kwa uso. Siku tuliyofungua nilikuwa na moto kweli kweli. Nilihubiri kwamba roho ya woga haitoki kwa Mungu, na hapo sikukosea, hilo limo katika 2 Timotheo 1:7. Lakini sikuishia hapo. Nikasema Mkristo anayetetemeka kwa ajili ya korona anamwambia Mungu kwamba hamwamini. Watu waliitikia amina mpaka barakoa zikashuka kidevuni.

Mmoja hakuitikia. Ni dada yetu muuguzi, ambaye kwao ni upande wa Nkubu lakini kazi yake iko Embu. Alikuwa ametoka shifti ya usiku, akapanda matatu asubuhi na mapema, Runyenjes, Chuka, mpaka huku Meru, na nauli mnajua ilivyokuwa wakati ule magari yakibeba nusu ya abiria. Yote hayo apate Neno la saa moja. Jumapili iliyofuata hakuja, na iliyofuata tena hakuja. Mimi nikahitimisha moyoni kwamba amerudi nyuma.

Mwezi huo huo, tarehe 10, alikuwa amefariki Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza nchini Kenya kuuawa na korona. Alikuwa na miaka 39. Kila nasi na kila daktari nchi hii alilijua jina hilo. Mimi sikulitaja madhabahuni, wala hatukuiombea familia yake.

Desemba nilienda Nkubu kumwona mama yake, ambaye kwa umri wake alikuwa bado haji kanisani. Nikamkuta dada huyo amesimama chini ya mparachichi, mbali na mlango, anazungumza na mama yake kwa sauti ya juu kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Mama akaniambia, "Pasta, huyu mtoto haingii kwangu tangu Aprili. Analeta sukari, anaiweka hapo kwa jiwe, anarudi." Nikamwuliza dada, mbona hofu yote hii na sisi tuna Zaburi ya 91?

Aliniangalia kwa muda. Kisha akasema, "Pasta, mimi sikuogopa kufa. Niliogopa kumuua mama."

Halafu akanieleza, na nilisikia mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Kwamba kuvaa yale mavazi ya kujikinga si kazi, kazi ni kuyavua, kwa sababu nje yake tayari kuna uchafu wa wadini na ukikosea hatua moja umejipaka mwenyewe. Unatoa, unasafisha mikono, unatoa kingine, unasafisha tena, barakoa mwisho. Alikuwa akilala anaota anavua, anakosea, anaanza upya. Moyo unapiga mbio akiwa amekaa tu. Mikono imepasuka kwa kunawa. Kwenye ploti aliyopanga Embu, akienda mferejini akina mama wanaita watoto wao ndani. Na siku aliyokuja kanisani kutafuta pa kuliweka lile tanga, mchungaji wake akamwambia hana imani.

Nilimwomba msamaha pale pale. Lakini nilirudi nyumbani na swali, na swali hilo ndilo lililonipeleka kwa Epafrodito.

Epafrodito ni nani? Kanisa la Filipi lilimtuma apeleke matoleo kwa Paulo aliyekuwa kifungoni, na abaki amhudumie (4:18, 2:25). Ni mhudumu, kwa hiyo. Katika kazi hiyo akaugua karibu ya kufa. Sasa angalia aya ya 26, na uiangalie polepole. Mtu huyu alihangaika sana. Kwa nini? Andiko halisemi ni kwa sababu ya ugonjwa wake. Alihangaika kwa sababu watu wa nyumbani walikuwa wamesikia kwamba anaumwa! Amelala karibu na kaburi na wasiwasi wake ni moyo wa wale walioko Filipi. Niliposoma hapo nilimwona yule dada chini ya mparachichi.

Tena lile neno la Kiyunani linalotumika hapo kwa kuhangaika limo katika Agano Jipya lote mara tatu tu. Moja ni hapa. Mbili zilizobaki, Mathayo 26:37 na Marko 14:33, zinamhusu Bwana Yesu mwenyewe usiku ule wa Gethsemane. Basi kama mahubiri yangu ya Julai yalikuwa sawa, ningepaswa kwenda Gethsemane nikamhubirie Bwana pia.

Najua mtu ameshaanza kuniuliza, "Na Wafilipi 4:6 je? Si tumekatazwa kujisumbua?" Ndiyo, na aya hiyo haijafutwa. Lakini iko katika barua hii hii, imeandikwa na mkono huu huu. Na kitenzi cha Kiyunani anachotumia Paulo pale ndicho anachotumia 2:20 akimsifu Timotheo kwa jinsi atakavyowajali Wafilipi kwa kweli. Kitenzi ni kimoja. Mzigo wa kumjali mtu ukikosa pa kwenda unageuka kuwa fadhaa, ndiyo maana 4:6 inatuonyesha pa kuupeleka: kwa Mungu, kwa kuomba na kushukuru. Paulo hatukani aliyeubeba.

Na Paulo alifanya nini na Epafrodito? Maombi hayakukosekana, mtume alikuwa mtu wa maombi na Mungu alimrehemu mgonjwa (aya ya 27). Lakini hakumfungisha siku tatu ili roho ya hofu imtoke. Alimrudisha nyumbani. Alimpa likizo, tuseme hivyo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bado kifungoni na alimhitaji. Akaandika barua akiwaagiza Wafilipi wampokee kwa furaha na kuwaheshimu watu wa namna hiyo. Kisha anakiri katika aya ya 28 kwamba na yeye mwenyewe huzuni yake itapungua akijua kijana amefika. Mtume anasema hivyo hadharani, na barua inasomwa mbele ya kanisa zima.

Heshima hiyo sisi tuliitoa wapi? Desemba ile ile ya 2020 alifariki Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28, akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Wauguzi na madaktari waligoma mwezi huo, na humu kanisani nilisikia wakiitwa watu wa tamaa. Machi 2021 chanjo zilipofika na wahudumu wa afya wakawekwa mbele, baadhi yetu (sitawataja, mnajijua) tulimtumia dada huyu video za 666 kwenye simu.

Mwaka wa 2024, mgonjwa wa kwanza wa mpox alipotangazwa nchini, kule Taveta, dada alinipigia saa nne usiku. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka tena. Safari hii sikumhubiria. Nilimwuliza ametoka kazini saa ngapi na kama amekula. Tukaomba kidogo. Akaniambia anamwona mshauri nasaha na amepewa dawa ya usingizi, na alilisema hilo kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama. Nikamwambia si dhambi, ameze alale.

Kwenye ushirika wa nyumbani Alhamisi hii, msimalize somo kwa kusoma tu. Kila nyumba iandike majina ya watu wetu wanaofanya kazi hospitalini, Meru, Chuka, Embu, popote, na shifti zao. Si madaktari na wauguzi peke yao. Anayepiga deki wadini, wa maabara, dereva wa ambulansi. Mwulize mmoja wao ni nini alichokiogopa zaidi mwaka ule, kisha unyamaze asimulie. Usimjibu kwa aya.

Mimi nimeanza kuhesabu wa ushirika wetu. Nilidhani ni watatu. Wamefika saba, na mmoja wao ni baba anayefungua lango la mochari usiku, ambaye nimekaa naye kiti kimoja miaka sita nikijua tu kwamba ni askari wa zamu.