Usalama na Afya: Baba Akitibiwa, Mama Naye Atibiwe

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi tunasema hapa juu ya kofia ya kazi, viatu na vumbi la machimbo. Leo tuseme juu ya hatari isiyopiga kelele, nayo inaharibu nyumba nyingi: uambukizo wa shingo ya kizazi.

Shingo ya kizazi ni mlango wa tumbo la uzazi. Vijidudu vya kisonono na vya klamidia hukaa pale. Mtu huvipata kwa kulala na mwenye navyo.

Mwanaume mwenye kisonono kwa kawaida hujua upesi: baada ya siku chache mkojo unamchoma, usaha unatoka. Anakimbia kwa munganga. Lakini bibi yake mara nyingi hasikii kitu. Analima, anateka maji, anakwenda soko la Wamaza, kumbe ugonjwa umo ndani. Klamidia ni ya kimya zaidi. Hata wanaume wengi hawaioni.

Ugonjwa ukiachwa, unapanda mpaka kwenye mirija miwili inayopitisha yai. Mirija inavimba, inapona na kovu, njia inaziba. Mimba inakosekana, ao inashika ndani ya mrija; mrija ukipasuka, mama anaweza kufa kwa kupoteza damu. Mtoto anayezaliwa na mama mwenye kisonono anaweza kupata usaha wa macho na kuwa kipofu.

Wachunguzi wamesema nini? Anne Retel-Laurentin alichunguza Wanzakara wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako nyumba nyingi zilikosa watoto. Kitabu chake cha 1974 kilionyesha mkono wa magonjwa ya zinaa. Mwaka 1985 uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani ulitangazwa: kati ya wanawake wagumba waliopimwa katika Afrika, zaidi ya 8 katika 10 walikuwa na ugumba uliotokana na uambukizo. Basi bibi anayerudishwa kwao kwa sababu hazai, pengine alipewa ugonjwa na yule anayemfukuza. Tena mwanaume naye anaweza kuwa mgumba.

Kinshasa, wachunguzi walifuata wanawake 431 waliofanya umalaya, ambao mwanzoni hawakuwa na virusi vya UKIMWI. Matokeo yalitangazwa 1993: kisonono kilizidisha hatari ya kupata virusi karibu mara 5. Katika mkoa wa Mwanza, Tanzania, kati ya 1991 na 1994, vijiji vilivyopewa matibabu mazuri ya magonjwa ya zinaa vilipata wagonjwa wapya wa virusi hivyo pungufu kwa karibu 4 katika 10.

Vituo vingi vya afya havina maabara ya kutafuta vijidudu hivi. Munganga anaangalia alama tu. Kwa mama, uchafu wa ukeni si alama ya kutegemea, kwani mara nyingi unatoka kwa sababu nyingine, na mwenye ugonjwa wa shingo ya kizazi pengine hana uchafu wowote. Alama iliyo wazi zaidi iko kwa baba. Akinyamaza, munganga hana njia ya kujua, na bibi anabaki na ugonjwa.

Kwa hiyo, ndugu:

1. Ukiona usaha, nenda kituo cha afya. Usinunue vidonge sokoni. Kisonono kimezoea dawa nyingi za zamani.

2. Mwambie bibi yako, mwende wote wawili. Kila mtu uliyelala naye ajulishwe pia.

3. Malizeni dawa yote. Msilale pamoja mpaka siku 7 zipite baada ya wote wawili kutibiwa. Mmoja akitibiwa peke yake, ugonjwa unarudi.

4. Ukiwa mbali na nyumbani kwa kazi, shika uaminifu; usipoweza, tumia kondomu kila mara.

5. Mama mwenye maumivu ya chini ya tumbo pamoja na homa, ao aliyekosa siku zake kisha akashikwa na maumivu makali, apelekwe hospitali siku ile ile.

Kusema na bibi kunaleta haya, ndiyo. Lakini haya inapita kwa siku moja. Mirija ikiisha kuziba, kidonge hakiifungui tena.

Afya ya mama ni kazi ya baba pia.