Plastiki ya Soni huishia Pangani

SWALI: Mtaalamu, nasikia habari za mitambo ya kuzoa plastiki baharini. Sisi wa Soni, Lushoto, tulio mbali na bahari, yatuhusu nini? Je, tunaweza kufunga kitu mtoni?

JIBU: Yawahusu sana. Maji ya Soni huteremkia Mombo, yakaingia Mto Mkomazi, kisha Pangani, hadi Bahari ya Hindi. Plastiki ikishafika huko hutawanyika na kusagika; kuikamata huku juu ni rahisi zaidi.

Kizuizi kinachoelea, yaani maboya yaliyoungwa pamoja na wavu chini yake, hufaa penye maji ya polepole. Msikifunge karibu na maporomoko. Mvua za masika zitakizoa chote. Wekeni wavu wa nondo kwenye mitaro ya soko, kabla maji hayajaingia mtoni, na awepo mtu wa kuusafisha kila mvua inapokatika. Kizuizi cha kuelea hukosa mengi: chupa ya maji isiyo na kizibo ikijaa huzama, kwa kuwa plastiki yake ni nzito kuliko maji.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mashamba ya mboga. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini viriba vya miche na chupa za viuatilifu bado vinatupwa makorongoni. Suuzeni chupa hizo mara tatu, maji yake myarudishe kwenye bomba la kunyunyizia, kisha mzitoboe. Msiziuze kamwe pamoja na chupa za soda.

Iombeni kamati ya soko ianze na mtaro mmoja, kabla ya vuli.