NGUZO ZA DURHAM NA UFUMAJI WA SWETA

Katika mji wa Durham, kaskazini ya Uingereza, liko kanisa kuu la mawe. Ujenzi wake ulianza mwaka 1093, na sehemu yake kubwa ikatimia mwaka 1133. Ndani yake mna nguzo nene ajabu: mzunguko wake wapata futi 22, na kimo chake ni vivyo hivyo. Nguzo hizi zimetiwa nakshi kwa patasi. Nyingine zina mistari iendayo pembe pembe kama mawimbi, na nyingine zina pembe nne zilizosimama juu ya ncha, mfano wa macho ya wavu wa kuvulia samaki.

Mafundi hawakungoja nguzo isimame ndipo waichonge. Mawe yalichongwa chini kwanza, kwa kipimo, kisha yakapandishwa mahali pake, na mistari ikakutana. Bila hesabu, jicho la mwisho lingalikatika katikati.

Hesabu hiyo ndiyo imtakiwayo kila apendaye kuhamisha nakshi ya jengo katika sweta. Tumeona watu wakichora nakshi juu ya karatasi ya miraba, wakidhani mraba mmoja ni kitanzi kimoja, wakafuma majuma mawili, kisha wakakuta macho yao yamelala, mapana na mafupi, ikawabidi kufumua yote. Sababu ni kwamba kitanzi cha sufu si mraba. Upana wake hupita kimo chake.

Basi kwanza ufumwe mfano, wapata inchi sita kila upande, uoshwe, ukaushwe, ndipo uhesabiwe. Tuseme katika inchi moja mna vitanzi 5 kwa upana na safu 7 kwa kimo. Jicho la upana wa inchi 4 lataka vitanzi 20. Lakini ili kimo nacho kiwe inchi 4, zatakiwa safu 28. Ukifuma safu 20 tu, hakitafika hata inchi 3. Tena, kutoka ncha ya chini hadi pembe ya ubavuni mstari husogea mara 10 ndani ya safu 14. Zile safu 4 ambazo hausogei zitawanywe, zisifuatane, ama sivyo mstari utapinda kama goti.

Halafu mzunguko. Sweta ya kifua cha inchi 40 ina vitanzi 200, yaani macho 10 kamili. Aliyechagua jicho la vitanzi 24 atapata macho 8, na vitanzi 8 vitabaki bila kazi. Huyo na apunguze vitanzi viwe 192, sweta ibane kidogo, au afanye jicho la vitanzi 25. Sisi twapenda njia ya kwanza, isipokuwa mvaaji ni mtu mnene.

Nakshi ya jiwe huonekana kwa kivuli tu. Kwa hiyo tumia uzi wa rangi moja, mweupe au wa rangi ya maziwa. Uwanja uwe wa vitanzi vya uso, na mstari uwe wa vitanzi viwili vilivyogeuzwa, ambavyo hutokeza kama vifundo. Katika uzi mweusi kazi hii haionekani, hata fundi awe hodari namna gani.