Somo: Kuzuia kompyuta isipate joto kupita kiasi



Ninyi mnaojifunza kompyuta hapa kambini huenda mmeshaona jambo hili. Ikifika saa nane mchana kompyuta inakuwa nzito, feni inapiga kelele, halafu inazimika yenyewe, na zoezi ambalo halijahifadhiwa linapotea. Watu husema ni virusi, au umeme mbaya. Huenda ikawa hivyo. Lakini ikiwa hutokea wakati wa jua kali tu, shuku joto kwanza.

Ndani ya kasha kuna prosesa, yaani kifaa kinachofanya hesabu zote, nacho hutoa joto jingi. Juu yake pana kipande cha chuma chenye meno kama kitana, pamoja na feni ndogo. Chuma hupokea joto, feni huliondoa. Joto likizidi, prosesa hupunguza mwendo ili isiungue. Likizidi zaidi, kompyuta hujizima. Kuzimika huko ni kinga. Ukiiwasha tena papo hapo, itazimika mapema zaidi.

Kwa kompyuta nyingi za mezani hewa ya kawaida huingia mbele, na hewa ya moto hutokea nyuma. Ni kama nyumba ya bati: mlango ukiwa wazi na dirisha la nyuma limezibwa, ndani hapakaliki. Weka mkono nyuma ya kasha kompyuta inapofanya kazi. Usiposikia upepo, feni imekufa au imezibwa.

Kosa linaloonekana sana ni kitambaa. Tunapenda kufunika vyombo vyetu kwa vitambaa vilivyofumwa vizuri, na kwa kompyuta iliyozimwa hilo ni jema, maana vumbi haliingii. Ikiwashwa, kitambaa kiondolewe chote, si kukunjwa juu ya kasha. Tena kasha lisibanwe ukutani. Acha nafasi ya sentimita 15 hivi, urefu wa kalamu. Lisikae kwenye sakafu ya udongo. Wengine huondoa ubavu wa kasha ili lipate hewa. Husaidia kwa muda, lakini njia ya hewa huvurugika, na vumbi, mende na mijusi hupata makao.

Wakati wa kiangazi vumbi lisafishwe kila mwezi, mwalimu au msimamizi akiwepo. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu cha ndani. Tumia brashi laini iliyo kavu, na pampu ya baiskeli kupuliza. Shika feni kwa kidole isizunguke. Usipulize kwa mdomo, mate huingia. Kitambaa chenye maji kisitumike ndani kabisa. Kile kisanduku kinapoingia waya wa umeme kisifunguliwe na mtu yeyote: hata kikiwa kimechomolewa, hubaki na umeme unaoweza kuua.

Chumba kikiwa na joto la nyuzi 35, ndani ya kasha hapawezi kuwa chini ya hapo, hata feni iwe nzuri namna gani. Kwa hiyo fungueni madirisha ya pande zote mbili, zimeni kompyuta zisizotumika, na kazi ndefu zifanyike asubuhi.