Somo: Ubaguzi unaua hata mahali pasipo vita



Tunapozungumza juu ya amani, mara nyingi tunafikiria bunduki. Lakini ubaguzi pia unaua, hata ndani ya hospitali zenye vyombo vyote. Tutazame hali ya akina mama weusi wa Marekani.

1. Hali ilivyo

Mwaka 2023, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai na akina mama weusi wa Marekani, mama 50 hivi walikufa kwa sababu ya mimba au kujifungua. Kwa akina mama weupe hawakufika 15. Tena kati ya wanaopona, weusi ndio wanaoumia zaidi: kutokwa damu nyingi, kupanda kwa presha, damu kuganda mapafuni.

2. Sababu ni nini?

Wengi watajibu: umaskini. Ni kweli, lakini si yote. Takwimu za serikali yao zilizotolewa mwaka 2019 zilionyesha kwamba mama mweusi aliyemaliza chuo kikuu alikuwa katika hatari kubwa kuliko mama mweupe ambaye hakumaliza sekondari.

Sababu moja ni kutoaminiwa. Mwaka 2016, uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Virginia ulikuta kwamba nusu ya wanafunzi weupe wa udaktari waliohojiwa waliamini angalau jambo moja la uongo juu ya miili ya weusi, kama vile kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Anayeamini hivyo huyapunguza maumivu ya mgonjwa.

3. Mfano

Serena Williams, bingwa wa tenisi, alijifungua kwa kupasuliwa mwaka 2017. Kesho yake akakosa pumzi. Alikwisha kuugua ugonjwa wa damu kuganda, akaomba picha ya skana. Muuguzi alidhani dawa zimemchanganya akili. Mama hakunyamaza. Picha ilipopigwa, damu iliyoganda ilionekana mapafuni. Kama tajiri anayejulikana dunia nzima alilazimika kusisitiza, mama asiyejulikana atafanyaje?

4. Tunajifunza nini?

Vifo vingi vya namna hii vinaweza kuzuiwa. Jimbo la California lilianza kazi hiyo mwaka 2006: hospitali zikafundishwa kupima damu inayotoka badala ya kukisia kwa macho, na kuweka dawa tayari. Kufika mwaka 2013, vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, pengo kati ya weusi na weupe lilibaki. Vipimo ni vizuri, lakini mama lazima pia asikilizwe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Katika kituo chetu cha afya, nani anasikilizwa upesi, na nani anaambiwa angoje? Je, kabila, lugha au mavazi yanahusika?
- Mama akisema "sijisikii vizuri" baada ya kuzaa, sisi wa nyumbani tunamwamini?
- Nani atamsindikiza na kusema kwa niaba yake akiwa hana nguvu?

Mama akikuambia anaumia, anza kwa kumwamini.